Ramani Iliyokaa Darini

Neno la juma: 1 Mambo ya Nyakati 28:11–12

Wapendwa katika Kristo, Bwana asifiwe.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimhurumia Daudi. Dhahabu alikuwa nayo, mierezi alikuwa nayo, na moyo wa kumjengea Mungu nyumba alikuwa nao, lakini akaambiwa kazi hiyo ni ya mwanawe. Juma hili macho yangu yamesimama kwenye mstari wa 11: Daudi anamkabidhi Sulemani "mfano" wa ukumbi, wa vyumba, wa hazina. Yaani ramani. Asiyeruhusiwa kujenga ndiye aliyeketi akaichora kazi yote.

Hapo nikalikumbuka kanisa kuu la Köln, Ujerumani. Jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 15, 1248, sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, na fundi mkuu wa kwanza aliitwa Gerhard. Mawe yalichongwa kwenye mlima Drachenfels, yakateremshwa kwa mashua katika mto Rhine. Hapakuwa na injini. Watu waliingia ndani ya gurudumu kubwa la mbao wakatembea humo, likazunguka na kuivuta kamba, na jiwe likapanda. Ili kuezeka kwa mawe, maseremala walisimamisha kwanza viunzi vya mbao vyenye umbo la tao. Waashi wakayapanga mawe juu yake kwa chokaa, na chokaa iliposhika, viunzi vikaondolewa. Matao yale yalichongoka juu, ndiyo maana uzito uliteremka kwenye nguzo badala ya kuzisukuma sana kuta kwa nje. Msukumo uliobaki ulipokelewa na mihimili ya mawe iliyoegemezwa upande wa nje, na kuta zikaachwa huru kubeba madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Mwanga ukaingia. Kwa watu wale, mwanga ulikuwa mahubiri.

Sehemu ya madhabahu iliwekwa wakfu mwaka 1322, miaka 74 baada ya jiwe la msingi. Waliokuwa vijana siku ile ya kwanza walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ukuta wa muda ukajengwa kuifunga sehemu hiyo ili ibada ziendelee, na kazi ikasonga kuelekea magharibi. Mnara wa kusini ulipita mita 50, kisha fedha zikakauka, na katika karne ya 16 kazi ikasimama kabisa. Winchi ya mbao ikabaki juu ya mnara ule zaidi ya miaka 300. Mtoto wa Köln alizaliwa akaikuta, akazeeka, akaiacha pale pale.

Lakini ramani ilikuwapo. Katika karne ya 13 kuna mkono uliochora uso wote wa magharibi pamoja na minara yake miwili, kwenye ngozi yenye urefu wa zaidi ya mita 4. Wakati wa vita vya Mapinduzi ya Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18, nyaraka za kanisa zilitawanyika, na ramani ile ikapotea. Mwaka 1814 nusu yake ikapatikana Darmstadt, kwenye dari ya nyumba ya wageni. Husimuliwa kwamba ilikuwa ikitumika kuanikia maharage. Miaka miwili baadaye nusu ya pili ikaonekana Paris. Mwaka 1842 jiwe likawekwa tena, mbele ya mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia, dola ya Kijerumani iliyoitawala Köln wakati ule, naye alikuwa Mprotestanti katika kanisa la Wakatoliki. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria. Mwaka 1880 minara ikakamilika, mita 157, kwa kuifuata ile ngozi.

Wengi wetu tukizungumzia makanisa haya tunasifu uvumilivu wa wajenzi, na ni haki yao. Mimi nashukuru zaidi kwamba walichora. Mtu huweza kuvumilia miaka 40 katika utumishi na akaondoka na kila kitu kichwani. Nimeliona hilo. Mzee mmoja aliyenilea katika imani alijua kila familia iliyokuwa ikihitaji kutembelewa, nani ana mgonjwa, nani amepungukiwa. Hakuandika popote, nasi hatukumwomba aandike. Alipolala katika Bwana tulichukua karibu mwaka mzima kuwatafuta watu wake, na baadhi yao walikuwa wamekata tamaa, wakadhani kanisa limewasahau. Kosa lile ni letu sote, na bado linaniuma.

Daudi anasema katika mstari wa 19 kwamba mambo yale alifahamishwa kwa maandishi, kutoka kwa mkono wa Bwana. Halafu katika mstari wa 20 anamgeukia kijana wake: uwe hodari, ukatende.

Ninaongoza kikundi cha maombi kwa mwaka wa 11 sasa. Jana nimenunua daftari. Jumamosi, ndugu mmoja kijana atakuja nyumbani baada ya ibada ya asubuhi, tuketi naye, tuanze na majina.