Nilivyoweza kuitofautisha mimea ya ragwort kwa majani na vichwa vya maua

Kwa mbali yote ni magugu yenye maua ya njano, basi. Waingereza huyaita ragwort, na wafuga farasi huyaogopa kwa sababu sumu yake hula ini la mnyama polepole, hata yakiwa yamekauka ndani ya nyasi za akiba. Mimi sina farasi. Nilitaka tu niweze kusimama mbele ya mmea na kuutaja bila kubahatisha, na kilichonifikisha hapo ni kuzoea kuligeuza ua kichwa chini miguu juu.

Tunachokiita ua hapa ni kichwa chenye maua madogo mengi yaliyobanana, sawa na alizeti, ambayo ni ya familia hiyohiyo. Kila kinachoonekana kuwa petali ya pembeni ni ua zima lenye ulimi mmoja. Kwa Jacobaea vulgaris, ile ya kawaida, ndimi hizo mara nyingi ni 13. Wanaoanza hupenda sana kuzihesabu. Sioni faida yake kubwa, maana ndugu zake nao huchezea hapohapo.

Chini ya kichwa ndiko kuna habari. Utakuta kikombe cha kijani kilichoundwa na vijani vyembamba vilivyosimama bega kwa bega, na chini yake, kikonyo kinapoishia, vijani vingine vya nje vilivyo vifupi zaidi. Hivyo vya nje ndivyo ninavyovitazama kwanza. Kwa vulgaris ni vichache na vifupi mno, unaweza kuvipita usivione. Kwa ndugu yake, Jacobaea erucifolia, vinaonekana wazi, vinafika kama nusu ya urefu wa vile vya ndani. Kwa ndugu mwingine, Senecio squalidus, vya ndani na vya nje vyote vina ncha nyeusi, kana kwamba vimechovywa kwenye wino. Vulgaris nayo ina weusi kidogo kwenye ncha za vijani vya ndani, kwa hiyo usiseme squalidus mpaka uone weusi huo hadi kwenye vile vidogo vya nje. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha kabisa kwa kazi hii.

Kisha jani. Ninachagua la katikati ya shina, kwa sababu yale ya chini ya vulgaris mara nyingi huwa yamekwisha kunyauka maua yanapochanua. Majani ya mimea hii yamekatwakatwa pande zote mbili kuelekea mshipa wa kati, na kipande cha mwisho, kile cha kwenye ncha, ndicho cha kuangalia. Cha vulgaris ni butu, na jani zima limejikunjakunja bila mpangilio. Cha erucifolia ni chembamba na kimechongoka, na vipande vya pembeni navyo ni vyembamba. Ligeuze jani hilo: upande wa chini ni wa kijivu, umefunikwa na utando wa manyoya. Hapo kuwe na tahadhari, kwani jani changa la vulgaris huweza kuwa na utando kidogo pia. Ndiyo maana sitoi jina kwa jani peke yake.

Jacobaea aquatica hainisumbui ikiwa nimeikuta ingali na majani yake ya chini. Kipande cha mwisho ni kikubwa, cha umbo la yai, na vile vya pembeni ni vidogo mno mbele yake. Vichwa vyake ni vikubwa kuliko vya vulgaris na vimeachana, havijajipanga kuwa meza bapa iliyosongamana. Hupenda mbuga zenye majimaji.

Squalidus ina kisa chake. Asili yake ni mahuluti ya mimea miwili ya mlima Etna, kule Sicily. Ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Oxford, ikatoroka ikaota kwenye kuta za mji, na reli ilipofika karne ya 19 ikapata njia ya kusafiri: kokoto na majivu ya pembeni mwa reli yalifanana na udongo wa volkano. Hadi leo ukiona kichaka kifupi cha maua hayo kwenye ukuta au kando ya reli, chenye majani yanayong'aa yasiyo na manyoya mengi, na bado ni majira ya kuchipua, anza na jina hilo. Mingine mingi hungojea kiangazi.

Kuna wanaotegemea viwavi vyenye mistari myeusi na ya njano. Kweli, viwavi hao hupenda Jacobaea vulgaris, lakini hula hata Senecio vulgaris, kile kigugu kidogo ambacho kwa kawaida hakina ndimi kabisa. Siwahesabu kuwa ushahidi.

Nikibaki na shaka, nasubiri mbegu. Za vulgaris, zile za pembeni ya kichwa hazina manyoya na za katikati zinayo. Za erucifolia zote zina manyoya. Kuna mingine, hasa pale mbuga yenye maji inapopakana na malisho makavu, inayokaa katikati ya vulgaris na aquatica kwa kila alama, kwa kuwa hizo mbili huzaa machotara. Hiyo naiandika chotara, naendelea na mwingine.