Glavu ya Jim Abbott

Binti yangu ana umri wa miaka tisa, na alizaliwa bila kiganja cha kulia. Mwaka jana nilifika shuleni kwake mapema nikamkuta ameketi kando ya uwanja, akilinda rundo la masweta ya wenzake waliokuwa wakicheza kati, kwa sababu mwalimu alimwonea huruma akaamua kwamba mchezo wa kurusha na kudaka mpira haumfai. Sikugombana na mtu. Usiku huo, mtoto alipokwisha kulala, nilianza kutafuta kwenye intaneti mwanamichezo aliyezaliwa kama yeye, na ndipo nilipokutana na Jim Abbott, mrushaji wa besiboli wa Marekani, ambaye tangu siku hiyo humu nyumbani anatajwa kama jamaa yetu.

Abbott alizaliwa tarehe 19 Septemba 1967, naye akalelewa mjini Flint, Michigan. Utotoni alivalishwa mkono wa bandia wenye ndoano ya chuma, akauchukia, na hatimaye ukawekwa kando. Alichokipenda ni kurusha mpira kwenye ukuta wa matofali na kuudaka unaporudi, kila mara akiukaribia ukuta zaidi ili mpira umrudie kwa kasi zaidi na mkono wake wa kushoto ujifunze kuharakisha.

Aliyecheza raunda shuleni ataelewa tatizo lake bila kuelezwa sana. Mrushaji wa besiboli husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na mpira ukipigwa moja kwa moja kumrudia, humfikia kabla hata ya nusu sekunde kwisha. Wengine huvaa glavu mkono mmoja na kurusha kwa mwingine. Abbott alikuwa akiitundika glavu kwenye ncha ya mkono wake wa kulia, anarusha kwa kushoto, na mara tu mpira unapomtoka vidoleni anakiingiza kiganja hicho hicho ndani ya glavu, tayari kudaka. Akishadaka, anaibana glavu kwapani, anakichomoa kiganja kikiwa na mpira, na anarusha tena. Nimeitazama video ya kitendo hicho mara nyingi, nikiipunguza kasi, na bado kuna mahali ambapo jicho langu linaachwa nyuma.

Wapinzani walimjaribu, bila shaka. Tangu akiwa shule ya sekondari walikuwa wakiugusa mpira taratibu ili udondoke mbele yake, wakitumaini kwamba atajikanganya na glavu. Walizoea kurudi benchi.

Aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1988 akairushia Marekani mechi ya fainali ya Olimpiki ya Seoul, ambapo waliifunga Japani 5 kwa 3, ingawa mwaka huo besiboli ilikuwa mchezo wa maonyesho tu. Msimu uliofuata aliingia moja kwa moja katika kikosi cha California Angels bila kupitia ligi ndogo, jambo ambalo hata wachezaji wenye viganja viwili hulipata kwa nadra. Mwaka 1991 alishinda mechi 18, kwani katika besiboli ushindi na kushindwa huandikwa kwa jina la mrushaji. Kisha, tarehe 4 Septemba 1993, akiwa na New York Yankees, alimaliza vipindi vyote tisa dhidi ya Cleveland bila mpigaji hata mmoja kupata pigo safi la kumfikisha kituo cha kwanza. Timu hiyo hiyo ilikuwa imemtwanga siku chache tu kabla. Mchezo wa namna hiyo warushaji wengi huumaliza umri wao uwanjani bila kuupata, na ndio watu wanaousimulia kila anapotajwa.

Mimi lakini hurudi zaidi kwenye mwaka 1996. Msimu huo, akiwa amerejea Angels, Abbott alishinda mechi 2 na kupoteza 18. Alizomewa, magazeti yakamchambua, akateremshwa kwa muda ligi ndogo, na mwaka uliofuata klabu ikamwachilia. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilisikitika, kisha nikagundua kwamba ndani ya masikitiko yangu kulikuwa na faraja: hakuna aliyempa nafasi kwa huruma. Alipimwa kwa mpira aliourusha, kama ambavyo angepimwa mrushaji yeyote, na mpira wake ulipopoteza makali aliambiwa hivyo. Mtoto wangu hajawahi kuambiwa hivyo na mtu; yeye hupigiwa makofi hata kwa kushika kalamu.

Mwaka 1998 Abbott alirudi na Chicago White Sox na kushinda mechi zote tano alizoanza, na mwaka 1999 akacheza msimu wake wa mwisho akiwa na Milwaukee Brewers, ambako ligi yao iliwalazimu warushaji pia kushika gongo. Alipiga kwa mkono huo mmoja na kupata mapigo mawili safi. Jumla ya ushindi wake ni 87 dhidi ya kushindwa 108, hesabu ambayo haina haja ya kupambwa wala kufichwa.

Glavu yetu niliipata soko la Gikomba, Nairobi, chini ya rundo la viatu vya mitumba, ngozi ikiwa imekauka na kamba moja imekatika. Ni ya mkono wa kushoto kama nyingi zilivyo, na kwa bahati ndiyo hasa inayomfaa. Niliipaka mafuta ya nazi kwa wiki nzima hadi ikalainika. Sasa jioni huwa tunashuka uani, nyuma ya magari ya wapangaji, naye hurusha mpira wa tenisi ukutani, akiitundika glavu kama alivyoona, akiingiza kiganja, akibana kwapani. Mwanzoni glavu ilianguka karibu kila mara. Juzi aliidaka mipira minne mfululizo, na wa tano ukampita ukaingia chini ya pikapu ya jirani. Nikapiga makofi kwa mazoea.

"Baba, huo nimeukosa," akasema, akiwa tayari amelala kifudifudi kuufuata. "Usipige."