Binti Aliyekuwa Akirudi Nyuma

Huyu wangu wa mwisho, mnaomjua mnajua, hana maswali madogo. Juzi alisimama pembeni akinitazama nikisahihisha kazi za wanachuo, kisha akauliza, "Mama, hivi mwalimu wa michezo naye anasomea?"

Nikamwambia anasomea, tena miaka.

"Anasomea nini sasa? Kupuliza filimbi?"

Baba yake alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka sana, maana swali hilohilo, likiwa limevalishwa maneno ya heshima, ndilo lililotupeleka kwenye ile tathmini ya chuo cha walimu wa michezo enzi hizo nikiwa mjumbe mdogo kuliko wote kwenye jopo.

Chuo chenyewe sikitaji. Kwa karatasi kilikuwa safi. Tulipewa chumba chenye meza ndefu na majalada yaliyopangwa kwa rangi: mihtasari ya kozi, saa za anatomia, saa za fiziolojia ya mazoezi, biomekanika, matokeo ya mitihani, orodha ya vifaa, sifa za wakufunzi. Katika mazoezi ya kufundisha, karibu kila mhitimu alikuwa na alama ya juu. Tulisoma, tukaweka vema, tukaendelea kusoma. Mwenyekiti wetu, mzee mkimya tuliyemwita Mwalimu tu, alifunga jalada la mwisho akasema, "Sasa tumejua chuo kina nini. Kesho twendeni kwa watoto."

Asubuhi tukagawanywa kwenye shule walikoajiriwa wahitimu wa karibuni. Kabla hatujaachana, Mwalimu akampa kila mmoja saa ya kubonyeza, zile za kupimia mbio, na agizo lililonishangaza: tusimwangalie anayefundisha. Kila mmoja achague mtoto mmoja, asiwe hodari wala asiwe yule anayechekwa, amfuate yeye tu tangu kipindi kianze hadi kiishe. Saa itembee pale tu mtoto anapofanya lile analotakiwa kujifunza, tena kwa kiwango anachokiweza. Akisikiliza maelezo, isimame. Akisubiri zamu, isimame.

Njia hiyo haikuwa yake. Daryl Siedentop na wenzake, watafiti wa ufundishaji wa michezo wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walikuwa wakihesabu muda kwa namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na waliofuata nyayo zao walikuta kitu kilekile mara kwa mara: sehemu kubwa ya kipindi cha michezo mtoto hachezi. Anasubiri, anapangwa, anaelezwa. Nilikuwa nimeyasoma hayo na kuyajibia mtihani. Kusimama juani na saa mkononi ni habari nyingine.

Nilimchagua binti wa miaka kama 11, soksi moja juu, nyingine chini.

Kipindi kilikuwa cha dakika 40, mpira wa kikapu. Aliyefundisha alikuwa kijana nadhifu, andalio la somo mkononi, sauti inafika hadi ukutani. Akapanga mistari miwili, kila mstari mpira mmoja. Unadunda hadi chini ya kikapu, unarusha, unaudaka, unampa anayefuata, unarudi mwisho. Pembeni, kwenye nguzo, kulikuwa na wavu uliojaa mipira mingine, mdomo umefungwa fundo.

Binti alianza akiwa wa tano. Nikaweka kidole tayari. Akawa wa nne, akawa wa tatu. Alipofika wa pili akainama kufunga kamba ya kiatu. Wa nyuma yake akampita, na mwingine naye akapita. Alipoinuka alikuwa wa nne. Sikuwaza kitu. Akasogea tena mpaka wa pili, na safari hii akageuka akamnong'oneza mwenzake jambo, kisha akampisha kwa mkono kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Mwenzake akaenda, amefurahi. Halafu binti akaomba ruhusa ya kunywa maji. Aliporudi akajiunga na mstari mwisho kabisa, hakusukuma mtu, hakupiga kelele, macho yake kwa mwalimu muda wote. Kijana akielekea upande wake, binti anapiga makofi kuwashangilia waliofunga. Kijana akigeuka, binti anarudi nyuma nafasi moja.

Nikasahau kwamba nimekuja kukagua chuo. Nilikuwa natazama fundi akiwa kazini. Alijua mwalimu anaangalia nini na haangalii nini. Alijua nani anapenda kuruka zamu na nani ataona shida. Hakuvunja sheria hata moja. Baadaye nilikuja kukuta kwamba watafiti, akiwemo Marielle Tousignant, walishawaeleza watoto wa aina hii mapema miaka ya 1980: wapo kila darasa, wana adabu, na kazi yao kubwa ni kuonekana wanashiriki.

Mara moja tu hesabu zilimkataa. Waliokuwa mbele yake walimaliza upesi, akajikuta mpira uko mikononi mwake na hakuna wa kumpisha. Akadunda mara mbili, ukamponyoka, akaukimbilia, akaurusha kutoka hukohuko mbali bila hata kutazama kikapu, akarudi mwisho wa mstari akitabasamu. Nilibonyeza saa, nikaibonyeza tena. Sekunde 9. Filimbi ya mwisho ilipolia, bado ilikuwa inasoma 9.

Watoto walipoondoka nilimfuata kijana, nikamuuliza kuhusu ule wavu wa mipira.

"Nikiifungua yote, darasa linakuwa vurugu, madam."

"Vurugu zina ubaya gani hapa nje?"

Akanitazama kama vile namtega. "Chuoni mkufunzi akija kukukagua akakuta makelele, nidhamu unapata sifuri."

Nikamuuliza hii ya mistari miwili aliitoa wapi. Akasema ndivyo alivyofundishwa yeye shuleni, na aliipenda. Naamini aliipenda. Alikuwa nahodha wa timu. Kwake kila zamu iliishia na makofi. Mwanasosholojia Dan Lortie aliliona hili mwaka 1975 kwa walimu wa kila somo: mtu anaingia chuoni akiwa amekaa miaka chungu nzima akiwatazama walimu wake, na chuo kinapewa muda mfupi kushindana na miaka hiyo. Kwetu wa michezo ni balaa zaidi, kwa sababu wanaoomba kusomea somo hili wengi ni wale waliokuwa mbele ya mstari. Yule binti hataomba.

Kikao cha majumuisho kilikuwa kirefu, nitakifupisha. Chuo kilikuja na pendekezo lake tayari: saa ziongezwe kwenye anatomia na fiziolojia. Mkufunzi wa fiziolojia, mama mwenye hoja nzito, akakumbusha kwamba Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya maana kila siku, na mwalimu asiyeujua mwili ataumiza mtu. Yote mawili kweli. Mwalimu akamkubalia, akaongeza tu kwamba hizo dakika 60 za kila siku hazitatoka kwenye vipindi vya dakika 40 hata watoto wakikimbia bila kupumua, kwa hiyo kuna kitu kingine ambacho kipindi kinatakiwa kumwachia mtoto. Kisha akaomba fomu ya kukagulia mazoezi ya kufundisha, akaisoma kwa sauti, mstari mmoja mmoja. Mavazi. Andalio. Sauti. Zana. Nidhamu. Kutunza muda.

"Upi kati ya hii," akauliza, "mnaujaza mkiwa mnamtazama mtoto?"

Kimya kidogo. Mkuu wa idara akasema, "Nidhamu."

Mwalimu akanigeukia. "Soma saa yako."

Nikasoma. Nikaeleza kamba ya kiatu, maji, makofi. Watu wakacheka, halafu wakaacha.

"Yule binti alikuwa na nidhamu kuliko wote," Mwalimu akasema. Basi.

Mengine yalikwenda haraka. Ripoti ikaandikwa. Fomu ikaongezewa mstari wa muda wa mtoto kushiriki. Wanachuo wa mwaka wa kwanza wakaanza kufundisha vikundi vidogo vya watoto mapema badala ya kungoja mwisho wa kozi, na hilo mpaka leo naliona ndilo bora kuliko yote tuliyopendekeza. Anatomia haikupunguzwa, yule mama alisimama imara, na moyoni nilimpigia makofi.

Nilirudi miaka kadhaa baadaye, safari hii kama mgeni tu. Mavuno ya ule mstari mpya nikayaona uwanjani. Kila mtoto ana mpira. Watoto wote wanadunda, wanacheka, wanazunguka koni, saa ingetembea mfululizo. Mwanachuo anatabasamu, mkaguzi anaandika. Nikatazama kwa muda mrefu nikitafuta mtu anayefundishwa kitu. Hakuna aliyeambiwa mkono ukae wapi. Hakuna aliyerusha kwenye kikapu. Nikakumbuka utafiti wa Judith Placek wa mwaka 1983: walimu aliowauliza, somo kwao lilifanikiwa kama watoto wana shughuli, wana furaha na wametulia. Kujifunza hakukutajwa sana. Mkufunzi mmoja kijana aliniambia bila aibu kwamba wanachuo huwapanga watoto mistari siku ambazo mkaguzi haji, maana ni rahisi.

Sijui kama tulitengeneza chuo au tulitengeneza fomu. Watafiti wa mafunzo ya ualimu Ken Zeichner na Robert Tabachnick walishauliza mwaka 1981 kama mafunzo ya chuo huoshwa, yaani hufutika, na shule mara mwalimu anapoajiriwa, na nadhani hata hapo tunawahi mno kuilaumu shule. Yule kijana nadhifu hakuoshwa na shule yoyote. Alifanya kile hasa tulichompa alama.

Sasa nimeitwa kwenye jopo tena. Nimependekeza safari hii tuwaulize watoto wenyewe, hasa wale wa nyuma, na mjumbe mmoja akataka kujua dodoso la namna gani litamfanya mtoto kama yule atoe siri yake. Rasimu ninayo hapa mezani. Swali la kwanza lilikuwa "Je, unapenda kipindi cha michezo?" Nimeshalifuta. Yule binti angejibu ndiyo, tena kwa adabu.