Siku moja na makangaga ya Posta

Saa 11 alfajiri. Nachota maji ya mvua kwenye pipa, madumu mawili, kabla watoto hawajaamka wakayaogea. Kisima cha mtaani kwetu kina chumvi, na kangaga, mmea wa majani usiotoa maua ninaoutunza, likinyweshwa chumvi ncha za majani huungua.

Saa 2 asubuhi, Posta, ghorofa ya sita. Natunza maua ya maofisini, na humu wanapenda kangaga la kiota cha ndege, Asplenium nidus. Kwenye misitu ya Usambara Mashariki hukaa juu kwenye matawi. Mti haliunyonyi, ni mpangaji tu. Chakula chake ni majani makavu yanayodondokea kwenye kikapu chake na kuozea humo. Ndiyo maana sijazi chungu udongo wa bustani. Naweka vipande vya makumbi ya nazi, magome na mkaa, maji yapite, mizizi ipumue.

Saa 3. Katikati ya kangaga la mapokezi nimekuta chai ya maziwa. Ndiyo, chai. Aliyeimwaga anajitetea:

“Kaka, si ndipo linaponywea? Nikasema nisimwage bure.”

Hajakosea sana. Msituni mvua huingia humo humo, lakini kule kuna upepo wa kukausha. Ofisini maji yakituama moyoni, unaoza, na moyo ukioza hakuna jani jipya tena. Nimeliinamisha, nimesuuza, nimekausha kwa kitambaa. Sisi tunamwagilia pembeni, tunaacha juu pakauke kidogo.

Saa 5, chumba cha uhasibu. Mama mmoja kalalamika kangaga lake lina ukurutu: mistari ya kahawia iliyolala mshazari chini ya majani. Ni spora, mama, ndiyo uzazi wake! Alishasugua nusu kwa sabuni.

Saa 7, wali maharage.

Saa 8, vita yangu ya kila wiki: kiyoyozi. Kangaga nalihamishia dirisha la mashariki, wiki ijayo nalikuta chini ya ule ubaridi mkavu, kingo zimekauka kama karatasi. Eti pale linapendeza. Pangekuwa pangu, yote ningeyapeleka msalani, kwenye dirisha na unyevu.

Saa 1 usiku, nyumbani. Langu la jikoni limetoa jani, limejikunja kama konokono. Nimewakataza watoto kuligusa, jani changa likiminywa hukua na kovu.

“Baba, wewe umeligusa?”

Kidogo tu.