Siku Moja Marseille, kwenye Bahari Isiyotoka

Mtoto wa Jambiani, pwani ya Unguja, hahitaji saa kujua maji yako wapi. Mwamba ukinguruma mbali, mama anachukua ndoo na mchokoo wake wa kuchokolea pweza: maji yameshatoka, kazi imeanza. Kwa hiyo asubuhi yangu ya kwanza Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Julai, kabla hata ya kunywa chai nilikwenda kuinama kwenye ukuta wa gati kutafuta alama ya maji, ule mstari wa chaza na ukungu unaokuonyesha bahari ilifika wapi usiku. Sikuuona. Palikuwa na utepe wa mwani wa kijani, upana wa kiganja changu, basi.

Tulikuwa tumefika jana yake na mdogo wangu wa kike, anayesoma Lyon. Kwa treni ya kasi ni chini ya saa mbili. Ukitoka tu kituo cha Saint-Charles unakutana na ngazi kubwa za mawe, vidato 104, na mji wote umelala chini yako, na juu ya kilima cha mbele kanisa la Notre-Dame de la Garde lenye sanamu ya dhahabu inayoonekana kila uendako. Wenyewe wanaliita Bonne Mère, Mama Mwema. Ndani yake zimening'inizwa merikebu ndogondogo, shukrani za mabaharia waliorudi salama. Tulipanda, tukaziangalia, tukashuka. Jua lilikuwa kali na moyo wangu ulikuwa chini majini.

Bandari ya kale, Vieux-Port, ndipo walipotia nanga Wagiriki wa Phokaia yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Mpaka leo kila asubuhi wavuvi wanauza samaki pale pale ukingoni, kwenye trei za buluu zenye maji ya bahari. Sardini, mikunga, samaki wekundu wa miiba wa kutilia mchuzi wao mashuhuri wa bouillabaisse. Na pweza. Mmoja alikuwa hai, ameshatoa mikono miwili nje ya trei na kushika meza. Mama muuzaji hakukatisha hata maneno yake na mteja. Alipitisha kidole chini ya mkono wa pweza, akaubandua tundu kwa tundu, taratibu, akamrudisha majini. Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Ni kidole cha mama yangu kile. Nikamwomba mdogo wangu amuulize wanamlainishaje. Akasema wengi siku hizi wanamgandisha kwanza kwenye friji. Zamani walimpiga kwenye mawe. Nikamwambia sisi bado tunampiga.

Kutoka hapo ni hatua chache mpaka Noailles, mtaa wa soko, wenye harufu ya bizari, mnanaa na mkate wa moto. Katika kiduka kimoja mwanamke mtu mzima aliyejifunga leso alikuwa na mkate wa sinia, ule wa mchele na nazi, kwa jina lile lile karibu. Nilipompa pesa akasema, "Marahaba." Nilishtuka, maana sikuwa nimemwamkia. Nikasema haraka, "Shikamoo, mama." Akacheka, akanishika mkono. Kwa Kingazija, lugha ya Komoro, marahaba ni ahsante. Wangazija ni maelfu kwa maelfu Marseille. Wengi wa mwanzo walifika kama mabaharia wa meli, wakabaki. Tukaongea, kila mmoja kwa lugha yake, na yale tusiyoelewana mdogo wangu akayamaliza kwa Kifaransa.

Adhuhuri tulikuwa Catalans, pwani ndogo ya mchanga, mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka bandarini. Watu wamebanana: watoto, mabibi vizee wakicheza karata chini ya mwavuli, vijana na mpira wa wavu. Niliweka makubazi yangu mkono mmoja kutoka majini, nikaingia. Baridi! Upepo wa mistral ulikuwa umevuma siku mbili kutoka kaskazini-magharibi, na ukivuma hivyo unasukuma maji ya juu yaliyopata jua yaende mbali, ya chini yanapanda. Nikaogelea, nikalala, nikala mkate wote wa sinia. Nilipoamka saa kumi na moja makubazi yalikuwa pale pale, mkono mmoja kutoka majini. Kwetu siku nyingine ningeyakuta mchangani, na bahari imeondoka mbali. Au nisingeyakuta kabisa.

Jioni tukafuata barabara ya Corniche, bahari mkono wa kulia. Chini ya daraja moja kuna kijibandari cha Vallon des Auffes, mashua zimebanana kama samaki kwenye tenga. Auffes ni nyasi walizosokotea kamba zamani, kama sisi na makumbi. Mbele kidogo kipo kijumba ambacho ningekipita bila kukijua kama mdogo wangu asingenivuta: humo kuna kipimo cha usawa wa bahari. Walipima maji kuanzia 1885 mpaka 1897, na wastani wake ndio sifuri ya Ufaransa bara. Hata ule urefu wa Mont Blanc, mita 4,800 na zaidi, unahesabiwa kutoka hapa. Waliweza kwa sababu maji hapa yanapanda na kushuka kwa sentimita tu: bahari yao, Mediterania, imefungwa, na mlango wake wa Gibraltar ni mwembamba mno kuipitisha kupwa na kujaa ya Atlantiki.

Saa mbili usiku mama akapiga simu. Kwao ni saa tatu, ameshasali isha. Mimi jua lilikuwa bado linanichoma bega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji huko yametoka au yamejaa?"

Nikamwambia hayatoki. Nikamweleza makubazi.

Akanyamaza. "Kutwa nzima?"

"Mwaka mzima, mama."

"Sasa mwanamke anatembea wapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Kwetu bahari ikitoka ndiyo inampa mwanamke pa kukanyaga, na mwani, na chaza, na pweza wake mwenyewe asiyemwomba mtu mashua. Nikamweleza yule mama wa gatini, na kidole chake chini ya mkono wa pweza.

"Alimbandua bila kumkata?"

"Bila kumkata."

"Nipigie picha yake."

Picha sikuwa nayo. Nilipiga ya makubazi tu. Treni yetu ilikuwa ya saa tano asubuhi. Nikamwambia mdogo wangu tuamke alfajiri, tupite gatini kwanza.