Nilivyoacha kuchimba chini nikajenga tuta: maji taka kwenye udongo wa mfinyanzi

Mitaro yangu ya kwanza ya kufyonza maji ya tangi la choo ilidumu misimu miwili tu ya mvua. Ilikuwa na kina cha zaidi ya mita moja, kwa kuwa fundi aliamini, nami nikakubali, kwamba maji yakipelekwa chini zaidi yatapotea haraka zaidi. Mvua zilipokolea, choo kikaanza kushusha maji kwa kusuasua, na nyasi juu ya mitaro zikastawi kuliko zote uani, jambo lililonifurahisha hadi nilipoinusa harufu.

Nilitaka kuongeza urefu wa mitaro, lakini kwanza nikachimba shimo la uchunguzi pembeni. Kufikia sentimita 40, udongo wa kahawia uligeuka kijivu chenye madoa ya rangi ya kutu. Madoa hayo hutokana na chuma kilichomo katika udongo unaojaa maji na kukosa hewa kwa muda mrefu kila mwaka, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi, shimo likiwa kavu kabisa, yanaonyesha maji ya ardhini hupanda hadi wapi. Mitaro yangu ilikuwa imezama humo. Maji taka hayasafishwi na kina. Husafishwa yanapopita polepole katika udongo wenye hewa, ambao kanuni nyingi hutaka uwe na unene wa sentimita 60 hadi 120 chini ya mtaro.

Kisha nikaloweka shimo jingine usiku kucha, maana mfinyanzi huvimba ukilowa na kipimo cha udongo mkavu hudanganya, nikapima kasi ya kunywea: maji yalichukua dakika 30 kushuka kila sentimita. Mitaro ya kawaida haifai udongo wa namna hiyo, hata ikirefushwa.

Basi nikapanda juu. Nilingoja ardhi ikauke, kwa sababu mfinyanzi mbichi ukiguswa na jembe husuguliwa ukalainika kama chungu na vinyweleo vyake vikazibika, nikaulima uso wake kwa mistari inayokingama na mteremko. Juu yake nikamwaga sentimita 60 za mchanga safi, kisha kokoto na mabomba membamba yenye matundu, na mwisho udongo wa nyasi. Tuta nililifanya refu na jembamba, likikingama na mteremko, kwani katika mfinyanzi maji husogea zaidi kando kuliko kwenda chini, na upande wa chini wa tuta sikuruhusu gari lolote lipite. Pampu husukuma maji kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, ili tuta lote lilowe sawasawa na lipate muda wa kuvuta hewa.

Kwenye kokoto niliacha bomba la uchunguzi. Tangu hapo nimelikuta na maji yaliyotuama mara moja tu, swichi ya boya ilipokwama na pampu ikafanya kazi usiku mzima.