Nilivyopandisha damu: dagaa, mapera na saa ya kunywa chai

Walioniona mwaka jana nikihema, wakaniona sasa, swali lao ni moja: ulikunywa juisi gani? Juisi nilikunywa, tena za kila rangi. Lakini kilichonipandisha damu ni mboga za kawaida zilizopangwa vizuri, vidonge vya bei ndogo, na kuhamisha saa ya chai.

Kwangu haikuanza na kizunguzungu. Ilianza na hamu ya pemba, ule udongo unaouzwa vipande vipande sokoni. Mimba sikuwa nayo. Nilikuwa natembea na kipande kwenye mkoba, nakimung'unya kazini kwa siri, na ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza mate yananijaa mdomoni. Ikafuata barafu, naitafuna mpaka meno yanauma. Sisi wa Mwanza wengine tunakaa mlimani, nyumba zimebebana na mawe. Ikafika mahali kupanda kwangu mwenyewe nakaa njiani, moyo unanienda mbio.

Kupima, wingi wa damu ukasoma 8.3. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, huo tayari ni upungufu. Sista aliyenipokea aliacha karatasi, akaniuliza:

"Dada, chai unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi na mihogo. Mchana nikimaliza ugali. Na jioni."

"Ya rangi?"

"Ya rangi, tena nzito."

Akaguna. Akanieleza kwamba majani ya chai yanayakamata madini ya chuma tumboni kabla mwili haujayanyonya, na ule udongo nao hufanya vivyo hivyo. Hamu ya udongo na barafu, kumbe, mara nyingi ni mwili uliopungukiwa na chuma. Chai hakunikataza. Alisema niiweke mbali na mlo, saa moja au mbili hivi.

Nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mamdogo akaja na majani ya matembele, akayachemsha, akanipa maji yake. Nikayanywa kwa heshima, na majani nikayaunga kwa karanga nikala, maana sikuona sababu ya kuyatupa. Wifi akaleta bitiruti na rozela. Rozela ya baridi yenye tangawizi naipenda mpaka kesho, ila ule wekundu ni rangi ya ua tu, na wa bitiruti ni rangi ya mzizi. Haina uhusiano na wekundu wa damu. Kwetu chochote chekundu kinaongeza damu, hata soda imewahi kutajwa.

Mlonge nao niliununua stendi.

"Dada yangu, huu unatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume."

"Kaka, za kiume sina haja nazo, nipunguzie bei."

Akacheka, akapunguza. Unga wa mlonge ni chakula kizuri, una chuma na protini, na kijiko kwenye uji hakina ubaya. Ila chuma cha majani mwili hukinyonya kwa shida kuliko cha nyama, maini na samaki. Hapo ndipo dagaa wanapoingia. Mwaloni Kirumba wanauzwa kwa ndoo, na kwa bei ya kipande cha nyama nalisha nyumba nzima. Tena ukila dagaa pamoja na maharage au mchicha, wanausaidia mwili kunyonya hata chuma cha hizo mboga. Na vitamini C inasaidia vilevile, kwa hiyo nakamulia ndimu juu ya sahani, si jikoni, kwa sababu moto unaipunguza. Baada ya kula, pera. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa, na msimu ukifika watoto wanayaokota bure.

Kwa 8.3, hata hivyo, sahani peke yake ingechukua muda mrefu mno. Daktari aliniandikia vidonge vya chuma vya miligramu 200, nimeze siku moja niruke moja, kwa sababu kwa mtindo huo mwili unanyonya vizuri na tumbo halisumbuki sana. Choo kinakuwa cheusi, usishtuke, na kinaweza kuwa kigumu. Papai na maji mengi vilinisaidia. Maziwa niliyaweka mbali na kidonge kama chai. Kabla ya hapo walinipima selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wakanipa dawa ya minyoo, wakaniuliza kuhusu hedhi.

Hedhi ndiyo ilikuwa tobo lenyewe. Ilikuwa nzito, inapita wiki, na kwa kuwa mama na shangazi zangu wako hivyo, nilijua ndivyo wanawake wa kwetu tulivyo. Utrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, nikaanzishiwa dawa ya kupunguza damu inayotoka. Bila hilo, dagaa wote wa Ziwa Victoria wangepitia huku na kutokea kule.

Hamu ya pemba ndiyo iliyotangulia kuondoka, kabla hata kipimo hakijapanda. Mara ya mwisho kilisoma 12.4. Vidonge niliambiwa niendelee navyo miezi mitatu zaidi ili akiba ijae, na nimeviweka juu ya kabati: ni vyekundu, vina utamu wa juu kama pipi, na mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua.